Tunapopima Shule ya Msingi, Tunapima Nini?



Taarifa nyingi za shule za msingi zinazofika kwenye ofisi za miradi huwa na mambo matatu: madarasa yaliyojengwa, madawati yaliyonunuliwa, na asilimia ya waliofaulu mtihani wa mwisho. Huambatana na picha ya watoto wakiwaimbia wageni. Si vibaya, maana fedha ya sadaka lazima itolewe hesabu. Lakini taarifa ya namna hiyo haituambii kama mtoto aliyekalia dawati lile anafundishwa akaelewa, wala kama amekula, wala kama anamwogopa mwalimu wake. Somo la robo hii linahusu kupima mambo hayo, na kuyapima kwa pamoja.

Tuanze na asilimia ya ufaulu, kwa sababu ndiyo inayotudanganya kwa urahisi zaidi. Chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulioanza mwaka 2002, ufaulu wa darasa la saba kitaifa ulipanda kutoka asilimia 22 mwaka 2000 hadi karibu asilimia 62 mwaka 2005. Wengi tulishangilia. Kisha mwaka 2010 tathmini ya Uwezo ikawafuata watoto majumbani na kuwapa hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kati ya watoto wa darasa la tatu, ni takriban theluthi moja tu walioweza kuisoma. Na mwaka 2012 iligundulika kuwa zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Walikuwa "wamefaulu".

Upande wa ustawi, Nyanda zetu za Juu zina fumbo lake. Iringa ni ghala la mahindi na viazi, lakini utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Mbeya ilikuwa karibu na wastani huo. Utafiti wa VVU wa mwaka 2022–2023 ulionyesha maambukizi ya asilimia 11.1 kwa watu wazima wa Iringa na 9.6 kwa Mbeya, na kila mjumbe anajua maana yake katika mtaa wake: watoto wanaolelewa na bibi, au na dada yao aliye darasa la sita. Mwalimu anayelalamika kuwa darasa la pili "ni wazito" anasema jambo la ufundishaji na jambo la lishe kwa sentensi moja. Mwinjili Luka (2:52), anapoeleza ukuaji wa Yesu, anataja akili na mwili, uhusiano na Mungu na uhusiano na watu, vyote pamoja. Sisi ndio tumezoea kuandika "elimu" kwenye safu moja na "ustawi" kwenye safu nyingine.

Sasa tunafanyaje? Kwanza ikumbukwe kuwa shule nyingi zilizo jirani na sharika zetu ni za serikali, hata zile zilizoanzishwa na misioni kabla ya kutaifishwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Wadhibiti ubora wa shule wapo, na mwongozo wao unagusa ufundishaji na pia mazingira, afya na usalama wa mwanafunzi. Kamati ya usharika haiendi kukagua. Inaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu na afisa elimu kata, inakwenda na mjumbe wa kamati ya shule, na matokeo inampa mwalimu mkuu kabla ya mtu mwingine yeyote. Vilevile isiende siku ya wageni. Siku ya wageni hata uji huwa na sukari.

Kaeni nyuma ya darasa kipindi kizima. Hesabuni ni watoto wangapi waliosema neno, na wangapi kati yao wameketi safu mbili za mbele. Kuitikia kwa pamoja msikuhesabu, maana darasa zima linaweza kuitikia kitu ambacho wawili tu wamekielewa. Katika darasa la kwanza sikilizeni lugha: mtoto aliyekua na Kihehe, Kinyakyusa au Kisafwa nyumbani anaweza kunyamaza kwa sababu Kiswahili chenyewe ni kigeni kwake. Ombeni madaftari matano, mtazame kama mwalimu amesahihisha kosa au ameweka alama ya vema juu ya kosa. Hilo la pili si lazima liwe uvivu. Mwalimu mwenye watoto 90 mahali ambapo kiwango kinachokusudiwa ni 45 hana muda wa kusoma daftari, na tathmini isiyoandika idadi hiyo inamwonea.

Kusoma pimeni kwa kuchagua majina kwenye daftari la mahudhurio, kila jina la kumi. Msikubali kuletewa watoto. Kila mmoja asome aya fupi pembeni, mahali anapoonekana lakini wenzake hawamsikii, kisha aeleze alichosoma. Majina yasiandikwe.

Daftari hilohilo lina habari nyingine. Tazameni siku za gulio, na wiki za mavuno ya mpunga kwa shule za Usangu. Watoto wasiokuwepo ndio wa kuwatembelea nyumbani, kwa kuwa waliopo darasani hawawezi kuwasemea.

Kuhusu chakula, ulizeni nani hakupata uji leo na kwa nini. Mara nyingi jibu ni kwamba mzazi hakuchangia, na hapo usharika unaweza kufanya jambo wiki hiyohiyo bila kusubiri mfadhili. Vyoo vihesabiwe kwa kiwango cha tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na muulize wasichana wakubwa wanabadilishia wapi.

Fimbo ni jambo gumu, nami silipunguzi. Kanuni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Ombeni kitabu hicho. Kikiwa kitupu na kila meza ina fimbo, mmepata jibu. Video ya mwaka 2016 ya mwanafunzi wa sekondari moja jijini Mbeya akipigwa na walimu wa mafunzo ilitikisa nchi, ila tusidhani ni ya sekondari tu. Msimuulize mtoto mbele ya wenzake kama anapigwa. Akisema mwenyewe kuwa ameumizwa au ameguswa vibaya, tathmini inasimama hapo: taarifa iende siku hiyo kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au pigeni 116. Jambo hilo lisimalizwe kwenye kikao cha wazee, hata kama mtuhumiwa ni mzee wa kanisa.

Kwa wafadhili nina ombi moja. Mkituma fedha za darasa, ulizeni pia ni watoto wangapi wa darasa la tatu wanaosoma, na muulize tena baada ya mwaka. Swali hilo likiwa kwenye fomu yenu, litajibiwa.

Kamati zitakazojaribu zoezi hili zilete kurasa mbili kwa mratibu wa jimbo kabla ya toleo lijalo. Picha si lazima.