Trakoma: Uso wa Mtoto, Jicho la Bibi

Huenda unamjua bibi wa namna hii. Asubuhi hukaa mlangoni, humwita mjukuu mwenye macho makali na kumpa kibano amng'oe kope. Kope zikitoka, jicho hutulia kwa siku kadhaa. Kisha huota tena, fupi na ngumu kama mabua shambani, na maumivu huanza upya. Mwenyewe husema ni uzee. Si uzee. Ni trakoma, ambayo wengi huiita vikope, na ilimwingia alipokuwa mdogo kuliko huyo mjukuu anayeshika kibano.

Ndiyo maana kijitabu hiki kinazungumza na wewe mzazi wa watoto wadogo, hata kama hakuna mtu nyumbani kwako anayelalamika macho.

Ugonjwa unavyoanza

Trakoma huletwa na bakteria aitwaye Klamidia trakomatisi. Hukaa zaidi kwa watoto ambao hawajaanza shule na wale wa madarasa ya chini. Mtoto huamka na tongotongo, macho mekundu, makamasi yanamtiririka, na bado anacheza kama kawaida. Wengine hawana hata dalili ya kuonekana. Mhudumu wa afya akiligeuza kope la juu, huona ndani yake vipele vidogo vyeupe.

Majimaji ya macho na pua ndiyo yanayobeba ugonjwa. Yanahama kwa vidole, kwa shuka wanayojifunika watoto watatu, na kwa upindo wa kanga ambao mama humfutia huyu, kisha yule, kisha akajifutia jasho. Mama hafanyi hivyo kwa uzembe. Anafanya kwa upendo, na mara nyingi hana kitambaa kingine. Lakini hapo ndipo yeye mwenyewe anapoambukizwa, tena na tena, miaka yote ya kulea. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wanawake hupofushwa na trakoma hadi mara 4 zaidi ya wanaume.

Kuugua mara moja hakupofushi. Kinachopofusha ni kuugua mara nyingi. Kila maambukizi huacha kovu dogo ndani ya kope. Makovu yakilimbikizana, kope hujikunja kuelekea ndani, na nywele zake huanza kukwaruza kioo cha jicho kila mara mtu anapopepesa. Kioo hicho kikikwaruzwa kwa miaka, huingia chamba cheupe, na nuru ikishapotea kwa njia hiyo, hairudi.

Nzi wa machoni

Wafugaji wengi wamezoea kuwaona nzi kama dalili ya ng'ombe na maziwa, na hawashtuki wakiona nzi watano kwenye jicho la mtoto. Inafaa kumjua nzi huyu vizuri, kwani naye huhamisha majimaji hayo kutoka jicho hadi jicho. Yule anayependa macho ya watu hutaga mayai hasa katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Ndani ya shimo la choo hazaliani. Kwa hiyo choo cha shimo, hata cha udongo na miti, kikitumiwa na kila mtu wa boma wakiwemo watoto, kinamnyima mahali pa kuzaliana. Kinyesi cha mtoto mchanga nacho kitupwe chooni. Wapo wanaodhani hakina madhara, wanakosea.

Na nzi hatui kwenye uso usio na kitu cha kulamba. Mtoto mwenye uso safi hamvutii.

Maji yako mbali, tunajua

Trakoma imekaa zaidi kwenye maeneo makavu: Kongwa mkoani Dodoma, ambako watafiti wameichunguza tangu miaka ya 1980, Longido na Ngorongoro kwa upande wa Tanzania, Kajiado, Narok na Turkana kwa upande wa Kenya. Mama anayetembea saa nzima kuchota ndoo moja hawezi kuambiwa tu "oga sana". Lakini kuosha uso si kuoga. Maji yakimiminwa kidogo kidogo kutoka kwenye kata au kibuyu chirizi, lita moja inatosha nyuso za watoto wa nyumba nzima. Kinachopoteza maji ni karai: tena watoto wote wakinawa ndani yake, wanagawana tongotongo.

Osha macho na pua asubuhi, na tena kila uchafu unapoonekana. Sabuni ikiwepo, vema. Isipokuwepo, maji pekee yanatosha kuondoa tongotongo. Acha uso ukauke wenyewe kuliko kuufuta kwa kanga ya kila mtu. Tundika kibuyu chirizi karibu na choo, kwa kimo ambacho mtoto wa miaka minne anakifikia.

Kingatiba

Wagawa dawa wakifika kijijini, nyumba nzima imeze azithromaisini, mgonjwa na asiye mgonjwa, kwa sababu anayeonekana mzima anaweza kuwa ndiye anayeambukiza. Dawa hupimwa kwa kijiti cha urefu. Mtoto wa chini ya miezi 6 hupewa dawa ya kupaka machoni, tetrasaiklini, mara mbili kwa siku kwa wiki 6. Usiikatishe macho yanapoonekana safi. Usitie jichoni majani, maziwa wala mkojo.

Bibi naye

Dawa hizo hazinyooshi kope lililokwisha kujikunja. Linanyooshwa kwa upasuaji mdogo: kope hutiwa ganzi, hugeuzwa lielekee nje, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hufanywa na mhudumu aliyefunzwa, wakati mwingine katika zahanati. Kampeni zinapopita vijijini, hutolewa bila malipo.

Wazee huuogopa. Wengine wamesikia kwamba jicho hutolewa likawekwa mkononi. Halitolewi. Mwambie bibi ukweli wote: upasuaji haurudishi nuru iliyokwisha potea, na mara nyingine kope hujikunja tena ikabidi arudi. Lakini unaondoa ule mchomo wa kila siku na kulinda nuru iliyobaki. Kikwazo kingine ni kwamba hakuna wa kumsindikiza, wala wa kumpikia siku mbili tatu. Hilo ni letu sisi watoto na wajukuu.

Trakoma inaondoka. Oman ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imeitokomeza kama tatizo la afya ya jamii, Malawi mwaka 2022, na Burundi mwaka 2025.

Kama kuna kibano nyumbani kwenu, muulize bibi leo anakitumia mara ngapi. Kisha umpeleke zahanati, wewe mwenyewe, na umsubiri hadi atoke.