Dondoo muhimu: Sweta la sufu lisirudi

Kiwandani, sufu nyingi ya kufuliwa kwa mashine bila kurudi hupitishwa kwenye klorini ili kulainisha magamba ya nyuzi, kisha hupakwa utando mwembamba wa plastiki. Ila si kila sweta limepata dawa hiyo.

1. Soma lebo: neno Superwash huonyesha limetiwa dawa; ukiona alama ya beseni lenye mkono, fua kwa mikono tu.
2. Lebo imekatwa, kama kwenye mitumba mingi? Lichukulie kuwa halina dawa.
3. Usijaribu dawa hiyo nyumbani kwa jiki. Jiki hugeuza sufu kuwa njano, ikikaa huiyeyusha kabisa, na hakuna suuza itakayoiokoa.
4. Maji yasizidi nyuzi 30, ya kufulia na ya kusuuzia yawe na joto lilelile.
5. Bonyeza, usisugue: msuguano kwenye maji ya sabuni hufunganisha magamba, na hapo ndipo sweta la baba linapomwenea mtoto.
6. Epuka sabuni ya vimeng'enya. Vinavyokula madoa ya damu na mayai hula sufu pia, hata yenye dawa.
7. Usilitundike kambani likiwa limelowa. Likamue ndani ya taulo, ulilaze kivulini.