Krismasi ya Kafyu: Kufika Nyumbani Bila Kuwapelekea Wazee Korona

Kafyu ya korona iliyorefushwa na Uhuru Kenyatta, aliyekuwa rais wa Kenya wakati huo, tarehe 4 Novemba 2020 ilipangiwa kuendelea hadi tarehe 3 Januari 2021, kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi alfajiri. Krismasi na mkesha wa Mwaka Mpya vilikuwa ndani ya muda huo. Mtu aliweza kuyafuata masharti hayo na bado akala sikukuu na wazazi wake, ilmradi aanze kujipanga mapema. Hatua hizi zilimlenga hasa anayetoka mjini kwenda mashambani, maana ndiye aliyeweza kuwafikishia wazee ugonjwa bila kujua.

Hatua ya kwanza: jichunge wiki mbili kabla ya safari. Dalili za korona huweza kuchukua hadi siku 14 kujitokeza, ingawa kwa wengi huonekana baada ya siku tano hivi. Kwa hiyo epuka karamu za kufunga mwaka kazini. Ukipata homa au kikohozi, au ukiona husikii harufu ya chakula, ahirisha safari. Najua ni vigumu: nauli imelipwa, watoto wamefunga mizigo, na mama ameshachagua kuku wa kuchinja. Ahirisha hata hivyo. Mama akiwa mzima, mtakula Februari.

Hatua ya pili: panga safari ukianzia saa ya kufika, ili uwe nyumbani kabla ya kafyu. Nairobi hadi Kisumu ni takriban kilomita 350, na foleni za Desemba huongeza saa. Panda gari la asubuhi, ukihesabu pia bodaboda ya kutoka stendi hadi kijijini, kipande ambacho wengi hukisahau. Wakati huo matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8. Kondakta akianza kuijaza, shuka kabla haijaondoka. Barakoa ifunike pua na mdomo njia nzima. Wakati huo asiyevaa aliweza kutozwa faini ya hadi shilingi 20,000 au kufungwa hadi miezi 6. Fungua dirisha. Kama ni kula, kula nje gari likisimama.

Hatua ya tatu: nyumbani. Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa kuwa hakuna polisi wala kondakta wa kukukumbusha, na kila mtu ana hamu ya kukukumbatia. Mpigie mama simu kabla hujafika, umweleze kwamba mwaka huu mtasalimiana kwa mbali. Ukimwambia mlangoni, atadhani mmekosana.

Viti na meza viwekwe nje chini ya mti, wala msijazane sebuleni. Wazee, hasa wenye kisukari au shinikizo la damu, wapewe meza yao, umbali wa mita moja na nusu au zaidi, na apakue mtu mmoja aliyevaa barakoa. Desturi yetu ya mtoto kupita na birika na beseni akiwanawisha wageni ni nzuri, maana maji yanatiririka. Ongezeni sabuni, kila mmoja asugue mikono kwa sekunde 20. Kinachoharibu ni ile taulo moja inayotoka mikononi mwa mjomba hadi kwa nyanya. Iondoeni, mikono ikauke yenyewe. Usiku, wageni wa mjini wasilale chumba kimoja na wazee.

Hatua ya nne: kanisa na matembezi. Ibada iliruhusiwa kwa theluthi moja ya nafasi, kwa hiyo ilibidi kuuliza ratiba mapema. Kwa sababu ya kafyu, kesha la Mwaka Mpya halingefika usiku wa manane. Baa na mikahawa ilifungwa saa tatu usiku.

Hatua ya tano: ukirudi mjini. Jiangalie kwa wiki mbili nyingine. Ukiugua, piga 719, nambari ya Wizara ya Afya, ufuate utakayoelekezwa. Kisha wapigie simu wote uliokula nao, ukianza na wazee. Tafadhali usiwafiche kwa kuona haya. Wao ndio wanaohitaji kujua mapema kuliko wote.