Ikama, Likizo na Kukaimu: Istilahi za Utumishi Kituoni

Mgonjwa wa Mngeta, katika bonde la Kilombero, akifika zahanati na kuambiwa “muuguzi yuko likizo”, huenda akadhani ametelekezwa. Istilahi zifuatazo humsaidia yeye, na mtumishi pia, kujua nani anawajibika kwa lipi.

Ikama ni idadi ya watumishi iliyoidhinishwa kwa kituo, kada kwa kada. Si idadi ya waliopo. Tofauti ya hizo mbili ndiyo upungufu.

Likizo ya mwaka ni haki, si hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 28 zenye malipo. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa mama aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja.

Kukaimu ni kushika nafasi ya mwingine kwa muda. Kukasimu ni kumpa aliye chini yako sehemu ya madaraka yako. Wajibu wa mwisho hubaki kwako.

Makabidhiano ni kumweleza anayepokea zamu, kwa maandishi, hali ya kila mgonjwa, dawa zilizopo na kazi iliyosalia.

Wakati wa masika, barabara zinapojaa maji, kumpeleka mgonjwa Ifakara si jambo jepesi. Kwa hiyo likizo ipangwe mapema, kaimu ateuliwe kwa barua, na jina lake libandikwe mlangoni. Hapo mgonjwa atajua nani yupo, si nani hayupo tu.