Je, Nitembee Kiasi Gani Ili Nipungue?

Kuna swali ambalo wahudumu wa afya huulizwa sana mwezi wa Januari, baada ya sikukuu. Mama anapanda juu ya mzani, anatazama mshale, anashuka, anavua viatu na kanga ya pili, kisha anapanda tena. Mshale unarudi pale pale. Ndipo anauliza: "Mwanangu, nikitembea kila siku nitapungua? Na nitembee mpaka wapi?"

Swali ni zuri. Jibu lake lina mambo mawili, moja la kufurahisha na jingine la kuudhi kidogo. Lakini kwanza tuseme jambo ambalo watu huliona aibu kulisema. Kwetu huku mlimani mwili mnene umehesabiwa kwa miaka mingi kuwa dalili ya kutunzwa vizuri. Tena tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa nchini mwaka 1983, kule Kagera, mtu akikonda majirani huanza kunong'ona. Kwa hiyo wapo wanaoona heri kubaki na kitambi kuliko kusemwa. Kitambi hicho ndicho kinachofungua mlango kwa kisukari na shinikizo la damu, na magonjwa hayo hayasubiri majirani wamalize kunong'ona.

Zamani hatukuhitaji kuuliza swali hili. Mama wa Machame aliteremka mpaka mashamba ya tambarare, akakata majani ya ng'ombe, akapanda nayo kichwani mpaka kihamba. Baba alikwenda kusafisha mfongo. Wataalamu waliwahi kupima watu wa kijiji cha Shari, hapa hapa Machame wilayani Hai, wakawalinganisha na watu wa Ilala, Dar es Salaam. Matokeo yalitolewa mwaka 2000: watu wa Ilala walikuwa wanene zaidi, walifanya kazi chache za nguvu, na kisukari kilikuwa kingi zaidi kwao. Uchunguzi mwingine, uliotolewa mwaka 2010, uliwafuata watu waliohama vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Baada ya mwaka mmoja tu waliongezeka zaidi ya kilo 2 kwa wastani, wanaume kwa wanawake. Siku hizi si lazima mtu ahame ili hayo yampate. Majani ya ng'ombe yanapanda kwa pikapu, na mtu anapanda kwa bodaboda.

Sasa tuje kwenye kipimo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali kama kukimbia. Wastani maana yake nini? Jipime hivi: ukiwa unatembea unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini ukijaribu kuimba pumzi inakatika. Kama unaweza kuimba ubeti mzima, ongeza mwendo.

Hicho ni kipimo cha afya kwa jumla. Kuhusu kupungua, mwaka 2024 wataalamu walikusanya majaribio 116 ya mazoezi ya moyo na mapafu kwa watu wazima wenye uzito uliozidi. Waliona kwamba kila nusu saa inayoongezwa kwa juma huenda na kupungua kwa nusu kilo hivi, na kiuno kupungua nusu sentimeta. Nusu saa moja kwa juma, basi, ni nusu kilo tu. Dakika 150 ni kama kilo mbili na nusu. Anayefika dakika 300, yaani saa nzima kwa siku tano, anaweza kutazamia kama kilo tano. Na hayo huja baada ya miezi, si baada ya siku tisa.

Hapo ndipo linapokuja la kuudhi. Mtu wa kilo 80 akitembea saa nzima kwenye tambarare, hutumia kama kalori 200 zaidi ya zile ambazo angetumia akiwa amekaa. Chupa moja ya bia ya nusu lita ina kiasi hicho hicho. Soda moja hula zaidi ya nusu ya saa hiyo. Mbege nayo ni ndizi na ulezi, kwa hiyo asiidanganye nafsi yake anayesema kwamba ni kinywaji cha asili na hakinenepeshi. Nimewaona wanaume wanaotembea vizuri kabisa jioni, tatizo ni kwamba wanatembea kuelekea kilabuni.

Si hivyo tu. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walitoa matokeo ya kuwapima Wahadzabe wa huko Ziwa Eyasi, ambao wanaume wao hutembea kama kilometa 11 kwa siku wakiwinda na kutafuta asali. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, walitumia nishati sawa na watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini! Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili uliozoea kazi hubana matumizi mahali pengine. Kwa hiyo anayetaka kupungua aanze na sahani na glasi: soda, sukari ya chai, chipsi, mafuta ya kukaangia, pombe. Mtori hauna kosa; kosa ni bakuli la tatu.

Sisi wa mlimani tuna bahati moja. Kupanda mwinuko wa mita 10 katika kila mita 100 hufanya mwili utumie nguvu zaidi ya mara mbili kuliko kutembea tambarare kwa mwendo ule ule. Unaporudi kutoka Kwasadala, shuka kwenye gari vituo viwili kabla ya kwako, umalizie kwa miguu. Mwenye mwili mzito aanze na dakika kumi, aongeze kidogo kidogo kila juma, na awe mwangalifu wakati wa kuteremka, maana magoti huumia zaidi hapo kuliko wakati wa kupanda.

Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au kisukari amwone daktari kwanza. Anayetumia dawa za kisukari awe na pipi mfukoni, kwa kuwa sukari yaweza kushuka ghafla njiani. Ukibanwa kifua, simama, uende hospitali siku hiyo hiyo. Na ikiwa unapungua bila kutembea wala kupunguza chakula, usishangilie: nenda ukapimwe kifua kikuu, kisukari na virusi vya UKIMWI.

Mzani upande mara moja kwa juma, asubuhi, kabla ya chai. Usipokuwa na mzani, chukua futi ya fundi cherehani upime kiuno usawa wa kitovu. Mwanamke akizidi sentimeta 80, na mwanamume akizidi 94, aanze kutembea juma hili.