SOMO LETU: Baiskeli, Milima na Upepo



Sisi wa upande wa milima ya Ngong twaujua upepo. Hata stima hutengenezwa nao. Mmoja wetu akitumwa mbali peke yake kwa baiskeli, akumbuke haya:

1. Aondoke alfajiri. Mara nyingi upepo huzidi mchana.
2. Asishindane na upepo. Hata hewa ikitulia, ukiongeza mwendo mara 2, hewa hukuzuia kwa nguvu mara 4. Ainame, aende polepole.
3. Mlima ukimshinda, ashuke asukume. Si aibu.
4. Kabla ya mteremko, ajaribu breki zote mbili.
5. Atuachie habari: anapita njia gani, atafika saa ngapi.

Tujadiliane: Jioni ikifika naye hajafika, nani kati yetu atatoka kumtafuta?