Kwa Nini Koili Mpya Hufa Upesi

Baba yangu hujipatia riziki kwa gari aina ya Toyota Probox, akichukua samaki kutoka Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, mpaka hapa Matai na Sumbawanga. Katika likizo iliyopita injini ilianza kumisi. Fundi akabadili koili moja. Baada ya majuma matatu ikafa. Ikanunuliwa nyingine, nayo haikumaliza mwezi. Fedha ya hiyo ya pili ilikuwa imewekwa kwa mahitaji yangu ya bweni, nami nikachelewa kurudi shuleni siku nne, katika mwaka wetu wa mtihani. Basi nikaazimia kujua kisa chake.

Koili ni nini? Betri ya gari hutoa volti 12 tu, nazo haziwezi kurusha cheche katika pengo la plagi. Ndani ya koili mna nyaya mbili zilizozungushwa juu ya chuma. Wa kwanza ni mnene, una mizunguko mamia machache. Wa pili ni mwembamba kama unywele, una mizunguko maelfu mengi. Umeme ukipita katika ule mnene hufanya usumaku. Ukikatwa ghafula, usumaku hutoweka, na katika ule mwembamba huzaliwa volti 20,000 na zaidi. Kanuni hii aliivumbua Michael Faraday mwaka 1831, na mwaka 1836 padre Nicholas Callan wa Ayalandi akatengeneza koili ya namna hii. Magari ya zamani yalikuwa na koili moja kwa injini nzima. Probox ya baba inazo nne, moja juu ya kila plagi.

Sasa tutazame mambo yanayoiua mapema.

Kwanza, utengenezaji hafifu. Spea za makampuni mengine si zote mbaya, lakini zilizo duni huwa na waya uliopakwa vibaya, au epoksi yenye mapovu ya hewa. Umeme huruka ndani ya mapovu hayo na kuila epoksi kidogo kidogo. Joto nalo huongeza ufa, hasa gari linapopanda na mzigo kutoka ziwani, mita 770 hivi juu ya bahari, mpaka uwanda wa juu wa Ufipa.

Pili, plagi iliyochakaa. Pengo lake likipanuka, koili hulazimika kutoa volti nyingi zaidi kila mara, na mwishowe umeme hutafuta njia nyepesi ubavuni mwa koili yenyewe.

Tatu, mafuta au maji katika shimo la plagi. Mafuta hulainisha na kuharibu mpira wa koili, na cheche hupotea pembeni.

Nilipomweleza mwalimu wetu wa fizikia, aliniuliza neno moja tu: "Je, plagi zilitazamwa?" Kwa idhini yake nikampigia baba simu. Koili ilipong'olewa, shimo lile lilikutwa na mafuta yaliyovuja katika gasketi ya tapeti kava, na plagi ilikuwa imelika sana. Gasketi na plagi zote nne zikabadilishwa, ikawekwa koili nyingine, na muhula huu mzima gari halijamisi. Sisemi kwamba zile mbili za kwanza zilikuwa nzima, maana hatukuzipasua. Lakini hata koili bora isingedumu mahali pale.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, hamisha koili unayoishuku uiweke kwenye silinda nyingine. Hitilafu ikihama nayo, koili ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, tafuta kwingine. Kisha tazama plagi na shimo lake. Na ukiuziwa spea ya bandia, tunza risiti na boksi, upeleke habari Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu ufa ulikuwa gasketi, na ukuta ulikuwa koili mbili.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne